Unafiki

Neno unafiki asili yake ni Kiarabu, nifaq. Sura ya 63 ya Kurani inaitwa Al-Munafiqun, yaani Wanafiki. Biblia ya Kiswahili nayo, katika Mathayo 23, inawaita wanafiki wale wanaofanya ibada ili watu wawaone. Dini mbili, neno moja; nalo linamlenga muumini wa mdomoni.

Basi tulitumie bila woga kwa anayepata zabuni kwa hila kisha akatoa sadaka. Fedha ya zabuni ya hila haiwi baraka kwa kupita kwenye kapu la sadaka. Na mchango unaweza kukataliwa: Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais William Ruto, kanisa lisije likatumiwa kisiasa. Viongozi wote wa dini wanaweza kuiga ujasiri huo.