Kutoka Fumba hadi Turubai: Historia ya Malazi ya Msafiri na Nafasi ya Mshonaji wa Goma

1. Utangulizi

Historia ya safari katika Afrika Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kufuata vilivyobebwa: pembe za ndovu, shanga, nguo, bunduki. Kitu alicholalia mbebaji usiku, na kukiviringisha alfajiri, hakikupewa nafasi kubwa katika maandishi hayo. Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya malazi ya kuviringisha, kuanzia mwambao hadi mji wa Goma katika Kivu ya Kaskazini, na kuonyesha kwamba historia hiyo ina vipindi vitatu vinavyotofautishwa na swali moja: ni nani aliyeshona? Swali hilo lina uzito katika Goma, mji ambao tangu mwaka 1994 umepokea watu wengi waliokimbia makwao wakiwa hawana hata cha kutandika.

2. Fumba na mkeka

Neno la kuanzia ni fumba. Kamusi za kale za Kiswahili, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939, zinaliorodhesha kwa maana ya mkeka uliokunjwa na kushonwa mfano wa mfuko, ambao mtu huingia ndani yake kulala. Umbo la neno linamkumbusha msomaji kitenzi kufumba, yaani kuziba au kufunika, kama mtu afumbavyo macho au mdomo. Watu wa mwambao, basi, walikuwa na mfuko wa kulalia, pamoja na jina lake, kabla ya vifaa vya Ulaya kuenea barani.

Jambo muhimu katika fumba si umbo lake tu, bali asili ya kazi yake. Ukindu ulikatwa, ukaanikwa, ukachanwa na kusukwa kuwa ukili, kisha kili hizo zikaunganishwa kwa kushonwa. Malighafi na kazi vyote vilipatikana mahali pamoja. Fumba lilipochanika, mkono uliolishona, au mkono wa jirani, uliweza kulitengeneza.

Wapagazi wa misafara ya bara nao hawakusafiri mikono mitupu. Juu ya mzigo wa tajiri, ambao kwa kawaida ulikuwa wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, mpagazi alibeba mkeka wake mwenyewe, chungu na silaha. Nguo za biashara zenyewe zilifungwa katika robota refu lenye umbo la mviringo lililoitwa mtumba. Neno hilo leo limehamia kwenye nguo kuukuu zinazouzwa masokoni, Goma ikiwa miongoni mwa miji hiyo, lakini asili yake ni mzigo uliokazwa kwa kamba ili uweze kukaa begani.

3. Merikani na hema

Kipindi cha pili kililetwa na nguo ya pamba isiyopaushwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakifika Zanzibar tangu miaka ya 1820, na mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Nguo yao ikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vilipokatiza shehena, nguo za Uingereza na Bombay zilishika nafasi yake, lakini jina lilibaki. Merikani ilipimwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti. Ilikuwa fedha, ilikuwa vazi, na ilipobidi ilishonwa kuwa kinga ya mvua.

Kwa njia ya misafara hiyo Kiswahili nacho kilienea hadi Nyangwe na Kasongo kwenye bonde la mto Lualaba, na humo kikachipuka Kingwana, ambacho ni miongoni mwa misingi ya Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Pamoja na lugha yalisafiri maneno ya kambini: hema, lenye asili ya Kiarabu, mkeka, kambaa, na baadaye turubai, lililotoholewa kutoka Kiingereza.

Turubai la pamba lina siri yake. Nyuzi zake hunywa maji na kuvimba, na kwa kuvimba huziba vitundu vilivyo kati yake, hivyo kitambaa hujikaza chenyewe mvua inaponyesha. Udhaifu wake ni kuoza. Katika msafara wake wa mwaka 1887 hadi 1889, Henry Morton Stanley alichukua mahema yaliyoshonwa na kampuni ya Benjamin Edgington ya London kwa kitambaa kilichochovywa katika mrututu. Stanley mwenyewe aliandika kwamba mahema hayo yalistahimili siku 300 za mvua na kurejea yakiwa bado yanafaa. Msafara huo ulikatisha msitu wa Ituri, na mwaka 1889 ukapanda kwa bonde la Semliki hadi Ziwa Edward, katika eneo ambalo sehemu yake leo ni Kivu ya Kaskazini. Hata hivyo, kati ya watu zaidi ya 600 walioajiriwa Zanzibar, waliorudi walikuwa chini ya nusu. Hema lilirudi, wengi wa waliolibeba hawakurudi. Sifa ya kifaa imara haiwezi kutenganishwa na swali la nani aliyelala ndani yake na nani aliyelala nje.

Pamoja na hayo, kipindi hiki kilikuwa na tabia moja ya kuzingatiwa. Kitambaa kilitoka ng'ambo, lakini kukata, kushona na kutia viraka kuliweza kufanywa papa hapa, kwa kuwa kitambaa hukubali sindano.

4. Goma na karatasi ya plastiki

Goma ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji kikielekeana na Gisenyi ya Wajerumani. Iko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, kando ya Ziwa Kivu, juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo. Usiku wake una baridi, mvua zake ni nyingi, na ardhi yake ina ncha kali zinazotoboa chochote kilichotandikwa moja kwa moja juu yake.

Mwezi Julai 1994, katika muda wa siku chache, wakimbizi wapatao 800,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma na vitongoji vyake. Makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga yalisimama juu ya mawe hayo, mahali ambapo kuchimba kaburi au choo kulikuwa kazi ngumu. Kipindupindu na kuhara damu viliua maelfu kwa maelfu katika mwezi wa kwanza. Hapo ndipo karatasi ya plastiki ya mashirika ya misaada ilipotawala mandhari. Kipimo chake kilichozoeleka ni mita 4 kwa 5. Mjini Goma huitwa kwa neno la Kifaransa bâche, na katika ukanda wa Maziwa Makuu husikika pia shitingi.

Karatasi hiyo iliokoa maisha, na hapana budi kulisema hilo wazi. Ni nyepesi, haiozi, na ndege moja huweza kuleta maelfu. Hata hivyo jua huidhoofisha, mawe huitoboa, na ikishachanika haitengenezeki vizuri, kwani kila tundu la sindano ni mlango mpya wa maji. Kwa hiyo kipindi cha tatu ni kinyume cha kile cha kwanza: malighafi ni ya kigeni, kazi ni ya kigeni, na anayeipokea ameachiwa kufunga kamba tu.

Hali hiyo ilidhaniwa kuwa ya dharura, lakini imejirudia. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 uliteketeza sehemu ya katikati ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi; mwingine ulifuata tarehe 22 Mei 2021. Mugunga ilipokea tena wakimbizi wa ndani katika vita vya baadaye. Mwezi Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari, makambi ya kandokando ya Goma yalivunjwa, na watu wakaviringisha walichoweza kubeba.

5. Mshonaji na biashara ndogo

Ni katika muktadha huu kwamba ushonaji wa matandiko ya turubai kama biashara ndogo unastahili kufikiriwa kihistoria. Ufundi wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Turubai zito la pamba hukatwa refu kuliko mtu na pana kiasi cha kukunjwa mara mbili. Pindo hushonwa kwa mshono wa kukunja, mistari miwili. Pembe huongezewa kipande cha pili. Matundu ya kamba hutiwa pete za shaba zisizopata kutu. Upande wa chini hupakwa nta. Godoro jembamba na blanketi huingia ndani, na vyote huviringishwa na kukazwa kwa mikanda. Mshonaji anayetumia uzi wa pamba hupata faida ya ziada, kwa kuwa uzi huo nao huvimba na kuziba tundu la sindano.

Vikwazo navyo si vya kufichwa. Turubai la pamba ni ghali na zito kuliko plastiki. Wabelgiji walilazimisha kilimo cha pamba Kongo kuanzia mwaka 1917, na kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma huko Albertville, sasa Kalemie. Lakini kiwanda hicho kimekwisha kufungwa, na mshonaji wa leo hutegemea kitambaa cha kuagiza. Wateja kama wapanda mlima wa Nyiragongo hutoweka vita vinapozuka.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba malazi ya kuviringisha hayakuwa mageni kwa wasemaji wa Kiswahili. Yalikuwa na jina lake, fumba. Kilichobadilika ni mahali pa mkono unaoshona. Turubai la kushonwa Goma halitarudisha uhuru wa ukindu, maana kitambaa kitaendelea kutoka mbali. Litarudisha, hata hivyo, kile kilichokuwepo enzi za merikani: uwezo wa kukata kwa kipimo cha mtumiaji, kutia kiraka, na kubakiza ujira wa kazi hiyo mjini. Kwa watu ambao wamelazimika kufungasha mara nyingi, kitu kinachoweza kutengenezwa kina thamani kuliko kitu kinachongojewa kuletwa upya.