Mfuko wa heji na mfuko wa fahirisi

Mfuko wa heji na mfuko wa fahirisi ni aina mbili za mifuko inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Mfuko wa fahirisi hununua hisa za kampuni zilizomo katika fahirisi fulani ya soko, kwa uwiano uleule, bila kubashiri ipi itapanda. Mfuko wa heji huongozwa na meneja anayechagua mali za kununua, na ambaye anaweza kukopa fedha au kuuza hisa za kuazima akitarajia bei ishuke. Kwa kawaida hupokea matajiri na taasisi tu.

Historia

Mfuko wa heji unaohesabiwa kuwa wa kwanza ulianzishwa na Alfred Winslow Jones nchini Marekani mwaka 1949. Mwaka 1976 John Bogle wa kampuni ya Vanguard alifungua mfuko wa fahirisi kwa wawekezaji wa kawaida.

Gharama

Mifuko mingi ya heji imezoea kutoza asilimia 2 ya fedha zote kila mwaka, pamoja na asilimia 20 ya faida. Kwa mfano, shilingi 1,000,000 zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 20 na makato hayo hubaki takriban shilingi 3,460,000. Mfuko unaotoza asilimia 0.5 tu ungeacha takriban shilingi 6,140,000.

Mwaka 1991 mwanauchumi William Sharpe alieleza kwamba wanaochagua hisa, wakichukuliwa wote pamoja, hupata faida ileile ya soko kabla ya gharama. Baada ya gharama, wastani wao lazima uwe chini ya soko.

Dau la Buffett

Warren Buffett aliweka dau na kampuni ya Protégé Partners kuhusu miaka 2008 hadi 2017. Yeye alichagua mfuko wa fahirisi ya S&P 500; wenzake walichagua mifuko mitano inayowekeza katika mifuko ya heji. Mwaka 2008 fahirisi ilianguka kwa asilimia 37, na mifuko yote mitano ilipoteza kidogo kuliko hiyo. Hata hivyo, mwishoni mfuko wa fahirisi ulikuwa umekua kwa asilimia 125.8, na ile mitano kwa wastani wa takriban asilimia 36.

Wapo walioshinda soko kwa muda mrefu, kama mfuko wa Medallion wa kampuni ya Jim Simons, lakini ulifungwa kwa watu wa nje.

Tanzania

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Fahirisi yake ya DSEI huhesabu kampuni zote zilizoorodheshwa, na TSI huhesabu za ndani tu, ikiwemo Tanga Cement ya mkoani Tanga. Kampuni ni chache, hivyo benki na viwanda vichache hubeba sehemu kubwa ya fahirisi. Anayefuata fahirisi hiyo hatawanyi hatari kama anayefuata kampuni 500.

Kwa mkulima wa mahindi wilayani Handeni au wa mkonge wilayani Korogwe, mifuko ya heji haimo katika uchaguzi wa kawaida. Anaweza kununua hisa kupitia dalali wa soko, au vipande vya mifuko ya UTT AMIS, kama Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005. Mfuko huo huchanganya hisa na hati fungani zinazochaguliwa na mameneja. Si wa heji wala wa fahirisi. Hata hapo kanuni ni ileile: faida ya mwekezaji ni kile kinachobaki baada ya makato.