Zipo riwaya tamu nje ya orodha ya mtihani

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu waliomaliza shule zamani ni hili: “Profesa, nisome riwaya gani ya Kiswahili?” Nami huwauliza kwanza wamesoma zipi. Aliyekuwa sekondari mwanzoni mwa karne hii atanitajia ‘Siku Njema’ au ‘Utengano’. Mdogo wake atataja ‘Kidagaa Kimemwozea’, na kitinda mimba atasema ‘Chozi la Heri’. Basi! Ukisikia riwaya anayoitaja mtu, unaweza kukisia mwaka aliofanya mtihani wa kidato cha nne.

Sina ugomvi na vitabu teule. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima, orodha hiyo ndiyo iliyowapa waandishi wetu wasomaji na wachapishaji wetu riziki. Lakini ina madhara yake. Kitabu kikiondolewa humo, aghalabu huadimika madukani. Na kile ambacho hakikubahatika kuingia hubaki kama mtoto wa kambo. Ndiyo maana leo utamsikia Mkenya aliyesoma hadi chuo kikuu akidai kwamba riwaya ya Kiswahili ni mali ya Tanzania na Zanzibar, eti sisi ni wageni tulioalikwa juzi. Historia inamkana. Hebu nipendekeze riwaya chache, tuzifuate kwa miaka yake, tuone.

Ya kwanza ni ‘Uhuru wa Watumwa’ ya James Mbotela, iliyotoka mwaka wa 1934. Mbotela alikuwa mtu wa Freretown, Mombasa, ule mtaa ulioanzishwa na wamisionari mwaka wa 1875 kuwapa makao watumwa waliokombolewa baharini. Kengele yao ingaliko, na watu wakishuka matatu pale husema wanashukia Kengeleni bila kujua ilimlilia nani. Babake Mbotela mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokombolewa. Kitabu kinasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakaswagwa hadi pwani, wakatiwa majahazini, kisha wakaokolewa na manowari za Waingereza.

Wahakiki wamekishambulia, na wana haki. Mwarabu amepakwa masizi tangu ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho, naye Mwingereza amevikwa kanzu ya malaika. Wengine hawakubali hata kukiita riwaya, kwa kuwa nusu yake ni tarehe. Ubishi huo ndio unaonifanya nikupendekezee. Kisome ukiwa na kalamu mkononi, umbishie mwandishi pembeni mwa ukurasa. Jiulize kwa nini mwana wa mtumwa, akiandika chini ya ukoloni, alimshukuru mkoloni kiasi hicho. Jibu utakalolipata litakufunza mengi kuhusu nchi hii.

Kwa Shaaban Robert sitakaa sana maana sifa zake zimeenea. Ukitaka kimoja tu, soma ‘Kusadikika’ (1951), hadithi ya Karama anayeshtakiwa kwa sababu ya kutaka watu wasomeshwe sheria. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa siku mbili. Baada ya hapo jistareheshe na ‘Mzimu wa Watu wa Kale’ ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Humo utakutana na Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni, na sahibu yake Najum. Mtu akikwambia Kiswahili hakina riwaya ya kumnyima usingizi, mpe hiyo kisha umsubiri asubuhi.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hupapita mbio. Mwaka wa 1969 shirika la East African Publishing House la Nairobi lilitoa ‘Kaburi Bila Msalaba’ ya P. M. Kareithi, riwaya ya vita vya Mau Mau. Zingatia mwaka huo. Ilikuwa miaka sita tu tangu uhuru, na wimbo wa wakubwa ulikuwa mmoja: tusameheane, yaliyopita si ndwele. Marufuku aliyoweka mkoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa katika sheria zetu hadi mwaka wa 2003. Yaani miaka 34 kabla ya serikali kufuta marufuku hayo, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kulizungumza jambo hilo. Na aliyelizungumza hakuwa mtu wa Lamu wala Mvita. Alikuwa mtu wa bara.

Haya, nani anaisoma leo? Shirika lililoichapisha halipo tena. Wanafunzi wangu wa uzamili huisoma kwa nakala zilizorudufishwa kutoka kwa nakala nyingine, herufi zimefifia, na kurasa nyingine zimekatika pembeni. Tunawaambia vijana wasome kuhusu ukombozi wa nchi yao, na mojawapo ya riwaya za kwanza kuusimulia kwa lugha ya taifa haipatikani dukani!

Muongo uliofuata ulikuwa wa neema. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa ‘Rosa Mistika’ mwaka wa 1971, kisa cha binti aliyelelewa kwa ukali wa baba kisha akaachwa auingie ulimwengu bila silaha. Kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye kikaja kukubaliwa na kufundishwa. Mzazi, kisome wewe kwanza kabla ya kumpa bintiyo. Kutoka Unguja chukua ‘Kuli’ ya Shafi Adam Shafi (1979), inayohusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa mwaka wa 1948. Na ukitaka kalamu ya mwanamke wa enzi hizo, itafute ‘Mali ya Maskini’ ya Z. Burhani (1981).

Ningelazimishwa kuchagua Mkenya mmoja tu, ningemchagua Katama Mkangi. Alikuwa mwanasosholojia kutoka pwani, akaanza kwa riwaya ya mapenzi, ‘Ukiwa’ (1975), akaendelea na ‘Mafuta’ (1984). Mwaka wa 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alipotoka hakunyamaza. Mwaka wa 1995 alitupa ‘Walenisi’, kisa cha Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa nchi yake akafungiwa katika chombo cha angani ili aangamie, kumbe chombo kikamfikisha katika nchi ambayo watu huishi kwa usawa. Sasa litamke jina la nchi hiyo polepole: Wa-le-ni-si. Wale ni sisi! Mkangi anasema kwamba watu hao wenye haki na utu ambao tunawadhania kuwa wa sayari nyingine ni sisi wenyewe, tukitaka. Hayo yameandikwa na mtu aliyekuwa ameonja kizuizi. Alifariki mwaka wa 2004 katika ajali ya barabarani.

Ndipo mwaka uliofuata ‘Walenisi’, yaani 1996, ilipokuja ‘Siku Njema’ ya Ken Walibora, ambayo kizazi kizima kinaikumbuka kwa safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Inastahili mapenzi hayo yote. Lakini Walibora hakuzuka jangwani. Nyuma yake kulikuwa na miaka zaidi ya 60 ya Wakenya walioandika nathari ya Kiswahili, na ukimsoma yeye pekee utakuwa umeonja tunda bila kuujua mti.

Ushauri wangu basi ni huu. Usianze na zote. Chukua ‘Walenisi’ mwezi huu, kisha urudi nyuma kwa Kareithi na Mbotela. Ulizia maktaba ya kaunti yako, na pitia kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu vya kando ya barabara, ambako nimewahi kuokota johari kwa bei ya kikombe cha chai. Usipoipata, mwandikie mchapishaji umwambie unaitaka. Wachapishaji ni wafanyabiashara. Wakiona wanaodai ni walimu wa kidato cha nne peke yao, watachapa vya kidato cha nne peke yake. Na ukibahatika kuipata ‘Kaburi Bila Msalaba’, isome, kisha mwazime jirani. Usiifungie kabatini.