Jiwe la Tura na Kiti cha Daladala

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba piramidi za Misri zilijengwa na wana wa Israeli. Biblia haikutufundisha hivyo. Tulisikia habari za utumwa wa Misri zikisomwa kanisani, tukaona picha ya piramidi kwenye kalenda, tukaviunganisha wenyewe. Tukifungua Kutoka sura ya 1 tunakuta kwamba kazi ya Waisraeli ilikuwa udongo na matofali, na miji waliyomjengea Farao inatajwa kwa majina: Pithomu na Ramesesi. Piramidi kubwa za Giza ni za mawe, nazo zilikuwa zimesimama kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla Musa hajazaliwa.

Basi ni nani waliozijenga? Tulipoanza kulichunguza swali hili tulidhani ni jambo la historia tu. Baadaye lilitugeukia sisi wenyewe.

Piramidi ya Farao Khufu ilijengwa mnamo mwaka 2560 K.K. Ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, na inakadiriwa kuwa na mawe yapatayo 2,300,000, mengi yakiwa na uzito wa tani mbili na zaidi. Wajenzi hawakuwa na kreni wala vyombo vya chuma kama vyetu. Walikuwa na tindo za shaba, nyundo za mawe, kamba, matuta ya kupandishia mizigo, na sleji za mbao zisizo na magurudumu. Mawe mengi yalichongwa palepale Giza. Mawe meupe ya kufunika nje yalitoka Tura, ng'ambo ya Mto Nile, na graniti ya chumba cha mfalme ilitoka Aswan, umbali wa kilomita 800 hivi kusini.

Jinsi walivyoburuta mizigo hiyo tunaiona katika kaburi la mkuu mmoja aliyeitwa Djehutihotep, la karne kadhaa baada ya Khufu. Ukutani imechorwa sanamu kubwa mno ikivutwa na safu za watu, na mtu mmoja amesimama mbele ya sleji akimwaga maji. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilijaribu jambo hilo, wakaona kwamba mchanga ukiloweshwa kwa kiasi, nguvu inayohitajika kuvuta hupungua hadi karibu nusu. Mwenye kumwaga maji havuti kamba, lakini bila yeye wavutaji wangechoka mara mbili.

Kuna mmoja wa wafanyakazi hao ambaye tunamjua kwa jina. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wachimbuaji wakiongozwa na Pierre Tallet walipata vipande vya mafunjo vyenye maandishi, vya zamani kuliko vyote vinavyojulikana. Kati yake imo kumbukumbu ya kazi ya msimamizi aitwaye Merer, aliyeongoza kikosi cha watu wapatao 40. Kazi yao ilikuwa kupakia mawe Tura, kuvuka nayo kwa mashua hadi Giza, kuyashusha, kulala, kisha kurudi mashua ikiwa tupu. Katika kila siku kumi walikwenda na kurudi mara mbili au tatu. Merer hasimulii ushujaa wowote. Leo tumelala Tura, kesho tumelala karibu na piramidi, basi. Anayetoka Mbagala kila alfajiri na kurudi usiku ataielewa kumbukumbu hiyo bila kufafanuliwa.

Kitu kingine kilitushika zaidi. Wafanyakazi wengi waliletwa kwa zamu kutoka vijiji vya kandokando ya mto, wa juu na wa chini. Waliowekwa kwenye kamba moja walikuwa wageni kwa wenzao. Hata hivyo vikosi vyao vilijipatia majina, wakayaandika kwa rangi juu ya mawe, mengine mahali ambapo hayakutazamiwa kuonekana tena. Kimoja kiliitwa Marafiki wa Khufu. Kingine, cha piramidi ya Menkaura, kiliitwa Walevi wa Menkaura. Mfalme alijipatia jengo, na wao wakajiachia utani wao ndani yake.

Kusini mwa piramidi, Mark Lehner na wenzake wamefukua mji walimoishi wafanyakazi. Yamepatikana matanuri ya mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo uliofunikwa na mchanga, na hivyo yakagunduliwa makaburi ya wafanyakazi, ambayo Zahi Hawass aliongoza kuyafukua. Mifupa yao inaonyesha migongo iliyoumizwa na mizigo. Inaonyesha pia mikono na miguu iliyovunjika, ikanyooshwa, ikaunga vizuri. Aliyevunjika mguu hawezi kwenda kuchota maji wala kufuata mkate wake. Kwa wiki nyingi lazima yuko mtu aliyempelekea.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Hawakuwa watumwa wa kununuliwa sokoni, lakini wengi wao waliitwa kwa amri ya mfalme, na asiyetaka hakuwa na pa kukimbilia. Jengo lilikuwa kaburi la mtu mmoja. Wema tunaouona katika ile mifupa iliyounga haukutokana na ukuu wa kazi. Ulitokana na watu waliojikuta pamoja, mmoja akamwona mwenzake ameumia.

Sasa turudi kwetu. Anayepanda daladala Dar es Salaam anajua desturi zetu. Ukisimama na mfuko mzito, aliyekaa atakupokea aupakate bila kukuuliza unatoka wapi. Mtoto mdogo hupitishwa juu ya mapaja ya watu mpaka apate pa kukaa. Nauli ya aliye nyuma hupita mikono mitano hadi kumfikia konda, na chenji hurudi njia ileile. Mwenye mvi huitwa mama au mzee, akapishwa. Watu hawa hawajuani, na kituo kinachofuata wataachana.

Asubuhi moja, mama mmoja wa ibada yetu ya pili alizidiwa ndani ya daladala akielekea Kariakoo. Dereva aliacha njia yake akampeleka hospitali. Kijana mmoja alimbeba mgongoni kutoka barazani hadi ndani. Dada mmoja aliyekuwa anakwenda kazini alibaki naye. Walipotafuta ndugu zake, walikuta katika mkoba bahasha ya ahadi yenye muhuri wa usharika wetu na namba ya simu ya ofisi, wakatupigia.

Tulipofika, yule dada alituuliza, "Nyie ndio ndugu zake? Mama Neema anakaa wapi?"

Tukatazamana. Hapo ndipo tulipojua kwamba anaitwa Mama Neema. Tulikuwa tumeketi naye kanisani kwa miaka sita. Tulijua namba ya bahasha yake, na kwamba hadaiwi ahadi. Nyumba yake hatukuijua, wala hatukujua kwamba anaishi peke yake. Yule dada alikuwa amemfahamu kwa saa mbili, naye alikwisha kumuuliza jina, dawa anazotumia, na mahali alipo mwanawe.

Bwana alimponya, na leo yuko nasi. Lakini swali lile bado linatuuma.

Katika Kumbukumbu la Torati 10:19 Mungu anawaagiza Israeli wampende mgeni, na sababu anayowapa ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Hakuwaambia waikumbuke Misri ili wailipize kisasi. Alitaka waikumbuke ili wamtambue mgeni aliye mbele yao. Sisi tulidhani agizo hilo linahusu walio nje ya mlango wa kanisa, kumbe mgeni alikuwa amekaa benchi la tatu, kila Jumapili, ameshika kitabu cha nyimbo.

Tangu siku ile wazee wa kanisa wameanza daftari jipya. Si la ahadi. Ni la majina, mitaa, na mtu wa kupigiwa simu, na kila jumuiya imepewa kurasa zake za kujaza kwa kwenda nyumba hadi nyumba. Kurasa nyingi bado hazijajaa. Jina la kwanza lililoandikwa ni la Mama Neema. La pili, kwa ombi lake, ni la yule dada wa kwenye daladala, ambaye si wa usharika wetu.