Maneno na Mlio katika Ngoma ya Sengenya

Swali la iwapo maneno ndiyo roho ya muziki aghalabu hujibiwa kwa kutazama mashairi ya taarabu. Makala haya yanalitazama kwa upande wa Kwale, katika sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma.

Jina lenyewe latukumbusha kitenzi kusengenya, yaani kumtaja mtu kwa ubaya asipokuwapo. Na ngoma isiyosema haiwezi kumsengenya mtu. Lakini apulizaye nzumari hawezi kuimba papo hapo. Hutoa lahani tu, na mwenyeji aujuaye wimbo huyasikia maneno yasiyotamkwa. Mgeni husikia mlio.

Tofauti hii ilipata uzito ngoma ilipohama uwanjani kwake. Bomas of Kenya iliundwa mwaka 1971, na katika mwongo huo mahoteli ya Diani yakaongezeka. Sengenya ikapata watazamaji wasiojua Kidigo. Hawa waliifurahia, wala hawakukosea. Ila kati yao hapakuwa na wa kusengenywa.

Taarabu ya Mombasa yaonyesha safari ya kinyume. Juma Bhalo (1942–2014) aliimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi. Lahani zilivuka bahari, maneno yakabaki kwao. Pwani ikazitilia yake.

Kwa hiyo muziki waweza kupendwa bila maneno, lakini hauwezi kumwonya wala kumfunza jirani. Atakayeinasa sengenya asiandike maneno yake ya Kidigo atakuwa amehifadhi mlio, na kauli ameiacha ipotee.