Vimondo, Kasoko na Dhahabu: Historia ya Mawe ya Angani kutoka Luhwindja hadi Mbozi

Luhwindja ni mojawapo ya maeneo ya kimila yaliyo chini ya Mwami katika teritware ya Mwenga, jimbo la Kivu ya Kusini, kusini mwa mji wa Bukavu, na tangu enzi za ukoloni wa Wabelgiji jina lake limekuwa likitajwa pamoja na dhahabu: kwanza ile iliyooshwa kutoka mchanga wa vijito, kisha ile ya miambani katika mlima Twangiza, ambako kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012. Yaliyoandikwa kuhusu dhahabu hiyo kwa sehemu kubwa yanahusu umiliki wake, yaani nani achimbe, nani ahamishwe na nani alipwe, jambo linaloeleweka kwa kuwa maisha ya watu yamo ndani yake. Swali la nyuma zaidi, la namna dhahabu yenyewe ilivyofika katika miamba ya Dunia, limepewa nafasi ndogo, ingawa jibu linaloungwa mkono na wanajiolojia wengi linaihusisha milima hiyo na mvua ya vimondo iliyonyesha kabla mlima wowote wa Kivu haujainuka.

Kimondo, kwa maana inayotumika hapa, ni jiwe au pande la chuma lililotoka angani na kufika ardhini bila kuteketea lote njiani. Vimondo vingi ni vipande vilivyomeguka kutoka sayari ndogondogo zinazolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, na umri wa vilivyo vingi ni karibu miaka bilioni 4.56, ambao ndio umri wa mfumo mzima wa Jua. Vingine ni vya mawe, vingine ni vya chuma kilichochanganyika na nikeli, na vichache vimechanganya vyote viwili. Kitu chochote kinachoingia katika angahewa ya Dunia kutoka huko huwa na kasi isiyopungua kilometa 11 kwa sekunde. Kilicho kidogo hupunguzwa kasi na hewa hadi kikaanguka kama jiwe lililotupwa na mtu, lakini chenye upana wa mamia ya mita hakizuiliwi sana na hewa, na kinapoigonga ardhi nishati yake hugeuka ghafla kuwa joto na mgandamizo unaoyeyusha mwamba, kuupasua na kuurusha mbali, ukiacha shimo la duara liitwalo kasoko, ambalo kwa kawaida huwa na upana wa mara kumi hadi ishirini ya upana wa kimondo chenyewe.

Kuhusu dhahabu, maelezo huanzia wakati Dunia ilipokuwa changa na kuyeyuka kwa joto. Chuma, kwa kuwa ni kizito, kilizama hadi katikati na kuunda kiini cha Dunia, nacho kikachukua madini yenye tabia ya kuandamana na chuma, dhahabu na platini zikiwamo, kiasi kwamba tabaka za juu zingepaswa kubaki karibu tupu. Kwa kuwa si tupu, wataalamu wanaona kwamba baada ya kiini kukamilika Dunia iliendelea kupigwa na vimondo, ambavyo jumla yake inakadiriwa kuwa karibu nusu ya asilimia moja ya uzito wa Dunia, na kwamba dhahabu inayochimbwa leo kwa sehemu kubwa ilikuja na nyongeza hiyo. Mwaka 2011 Matthias Willbold, Tim Elliott na Stephen Moorbath walichapisha vipimo vya metali ya tungsteni kutoka miamba ya Isua huko Greenland, yenye umri wa karibu miaka bilioni 3.8, wakaonyesha kwamba muundo wake unatofautiana kidogo na ule wa miamba ya siku hizi, kana kwamba miamba hiyo inatunza hali ya Dunia kabla ya nyongeza ile kuchanganyika nayo vizuri. Nadharia hiyo bado inajadiliwa, na haina maana kwamba kimondo cha dhahabu kilianguka juu ya Twangiza. Dhahabu iliyoenea kwa uchache mno katika miamba ilibebwa na maji ya moto yaliyopenya kwenye nyufa za chini ya ardhi, mabilioni ya miaka baadaye, yakaiacha mahali palipofaa, na mito ikamalizia kazi kwa kuimomonyoa na kuikusanya mchangani.

Afrika Kusini inatoa mfano wa uhusiano wa aina nyingine. Huko Vredefort, kimondo kilichoanguka karibu miaka bilioni 2.02 iliyopita kilifanya kasoko iliyokadiriwa kuwa na kipenyo cha kilometa 250 hadi 300, kubwa kuliko zote zilizothibitishwa duniani, na mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Dhahabu ya Witwatersrand iliyo jirani ni ya kale kuliko pigo hilo, lakini pigo liliinamisha na kuzifukia tabaka zake, zikasalimika na mmomonyoko ambao vinginevyo ungezisomba baharini.

Kongo nayo ina kasoko yake, na historia ya kutambuliwa kwake inafundisha mengi. Luizi ni umbo la duara lenye kipenyo cha karibu kilometa 17 kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, Katanga, kaskazini mwa Lubumbashi. Lilitajwa katika ripoti ya kijiolojia tangu mwaka 1919, wakati bonde la mviringo lilipochukuliwa kuwa bonde tu. Picha za satelaiti zilipoanza kuchunguzwa, wachache walihisi kwamba huenda ni kovu la kimondo. Lakini hisia si ushahidi, na ushahidi ulingoja hadi Ludovic Ferrière, F. R. T. Lubala, G. R. Osinski na P. K. Kaseti walipofika penyewe, wakakusanya mawe na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Miongoni mwa waliyoyakuta ni koni za mpasuko, yaani mistari iliyochongeka ndani ya mwamba kwa umbo la koni, pamoja na mistari midogo sana iliyo sambamba ndani ya chembe za kwazi, inayoonekana kwa darubini pekee. Alama hizo mbili hazitengenezwi na volkeno wala tetemeko la ardhi, kwa sababu nguvu zote mbili hazifikii mgandamizo unaohitajika. Ndiyo maana wataalamu hukataa kuita shimo lolote kasoko ya kimondo mpaka mojawapo, au ushahidi mwingine wa uzito huo, uonekane.

Ndani ya Luizi kuna ukingo wa nje ulioinuka mamia ya mita, duara la kati, na duara dogo katikati kabisa, mpangilio unaotokea pale sakafu ya kasoko inapobonyea kisha ikarudi juu kama maji ya kisima yanavyoruka baada ya jiwe kutumbukia, ila hapa kilichoruka ni mwamba mgumu uliofanya hivyo kwa muda mfupi kuliko wa kusoma aya hii. Kinachojulikana kuhusu umri wake ni kwamba haufiki miaka milioni 573, kwa kuwa tabaka zilizovurugwa ni za wakati huo. Umbo jingine la mviringo, kubwa zaidi, lipo karibu na Wembo-Nyama katika Sankuru, ambako mto Unia unafuata mkondo wa duara usio wa kawaida. Limependekezwa kuwa kasoko ya kimondo, lakini hadi mawe yake yatoe alama zilizotajwa, litabaki kuwa pendekezo.

Kasoko zilizothibitishwa duniani kote ni karibu 200, na Afrika nzima ina karibu 20 tu, nyingi zikiwa katika majangwa ya kaskazini na nchi kavu za kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazina hata moja iliyothibitishwa. Hesabu hiyo haina maana kwamba anga lilizihurumia nchi hizi. Mvua nyingi, misitu, udongo mzito wa kitropiki, Bonde la Ufa linalopasua na kuinua ardhi, pamoja na lava inayofunika kila kitu, vyote hufuta makovu ya zamani, na juu ya hayo yote vita na uhaba wa fedha vimewazuia watafiti kupita na nyundo zao katika sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki. Pia si kila duara ni kasoko ya kimondo. Ngorongoro ni volkeno iliyojiporomokea. Mashimo ya Katwe nchini Uganda ni ya milipuko ya volkeno. Na Ziwa Kivu, ambalo maumbile yake huwafanya wengine wadhani vingine, ni sehemu ya Bonde la Ufa ambayo mkondo wake wa kaskazini ulizibwa na volkeno za Virunga, maji yakageuka kusini na kutoka kwa mto Ruzizi. Ziwa la kimondo kweli lipo Ghana: Bosumtwi, lenye kasoko ya kilometa 10.5 na umri wa zaidi kidogo ya miaka milioni 1, ambalo Waasante wanaliheshimu kama mahali patakatifu.

Kama makovu ni haba, mawe yenyewe si haba. Kinachojulikana zaidi ni kimondo cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, ingawa vitabu humtaja mpima ardhi W. H. Nott kuwa ndiye aliyekigundua mwaka 1930, kana kwamba kitu hakijagunduliwa mpaka mgeni akione. Hakuna kasoko inayoonekana pale, dalili kwamba kilianguka zamani za kutosha kwa ardhi kusahau. Lakini kwa sayansi, sehemu hiyo ya nchi ina hazina kubwa kuliko Mbozi, nayo ni ndogo ya kutosha kushikwa mkononi: tarehe 16 Desemba 1938, karibu na Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, kulianguka kimondo cheusi chenye kaboni na maji ndani ya madini yake, kilichopimwa gramu 705. Ni cha aina adimu mno, ambayo kemia yake inakaribia ile ya Jua lenyewe ukiondoa gesi nyepesi, na kundi zima duniani limepewa jina la kijiji hicho. Chombo cha Japani Hayabusa2 kiliporudi Desemba 2020 na takriban gramu 5.4 za mchanga wa sayari ndogo Ryugu, wachunguzi walikuta kwamba kitu kinachofanana nao zaidi kati ya vyote vilivyowahi kushikwa na binadamu ni vimondo vya kundi la Ivuna.

Uganda ilishuhudia tukio la hadharani. Tarehe 14 Agosti 1992 mchana, kimondo kilipasukia juu ya Mbale na vipande vyake vikanyesha mjini na mashambani, kikubwa kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 27. Kipande cha gramu chache kilimpiga mtoto kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, naye hakuumia. Karibu na Thika, Kenya, vipande vilianguka tarehe 16 Julai 2011. Hakuna katika haya kilichoacha kasoko ya maana, kwa kuwa vyote vilikuwa vidogo au vilivunjikia juu.

Kwa upande wa madhara makubwa, mfano unaotajwa siku zote ni Chicxulub, Mexico, ambako miaka milioni 66 iliyopita kimondo chenye upana wa karibu kilometa 10 kilifanya kasoko ya kilometa 180. Luis Alvarez, mwanawe Walter, Frank Asaro na Helen Michel walikisia tukio hilo mwaka 1980, kabla kasoko haijatambuliwa, kwa kupima iridi, metali iliyo haba katika ganda la Dunia na nyingi vimondoni, ndani ya utepe mwembamba wa udongo. Masizi na salfa vililifunika Jua, baridi ikafuata, na karibu robo tatu ya spishi zote zikatoweka, dinosaria wakubwa wakiwamo. Inafaa kukumbusha hapa, kwa sababu kosa hili husikika hata shuleni, kwamba dinosaria wa Tendaguru katika Lindi, waliofukuliwa na Wajerumani kuanzia 1909, hawakuuawa na kimondo hicho. Wao walikuwa wameshakufa zaidi ya miaka milioni 80 kabla yake.

Watu wa Afrika Mashariki hawakungoja maabara ili kuvitafsiri vimondo. Pwani, kwa mafundisho ya Kiislamu, nyota inayokatika angani ni kombora linalowafukuza mashetani wanaonyemelea habari za mbinguni, na wafugaji wa El Ali nchini Somalia walilitungia mashairi pande la chuma la tani 15 walilolinolea visu kwa vizazi. Mwaka 2022 wachunguzi walikuta madini mawili mapya katika kipande cha gramu 70 cha jiwe hilo. Wakati huo jiwe lenyewe lilikuwa limeshaondolewa mahali pake na kupelekwa China kutafutiwa mnunuzi. Sericho, Kenya, ilitoa zaidi ya tani 2 za kimondo cha chuma chenye fuwele za kijani, ambacho wachunga ngamia walikijua siku nyingi, na leo vipande vyake vinauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni unataja pia vielelezo adimu vya madini, lakini mkataba haulindi kitu ambacho serikali haijui kuwa kipo.

Hapo ndipo Luhwindja inapohusika tena, kwa sababu ni mojawapo ya maeneo ya Kongo ambako macho mengi ya wachimbaji hukagua mawe kila siku. Kimondo kipya huwa na gamba jembamba jeusi lililoyeyuka, ni kizito kuliko ukubwa wake, hakina matundu ya gesi, na kwa kawaida huvuta sumaku; sifa hizo hutosha kukitenga na mavi ya chuma ya wafua chuma wa kale, ambayo yana matundu, na kasiteriti (madini ya bati), ambayo ni nzito lakini haivuti sumaku kwa nguvu. Mchimbaji, mwalimu au mkulima atakayeokota jiwe la namna hiyo asilivunje wala asiliuze kwa mpita njia, bali aandike mahali na siku alipolipata, kisha alipeleke kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu au kituo cha utafiti cha Lwiro, ambako linaweza kufanyiwa uchunguzi wa awali bila kuondoka Kivu.