Mvumo wa Gitaa: Tatizo Lililotangulia Gitaa Lenyewe

Nilipoanza kuipigia kwaya yetu ya Kabeza gitaa la umeme, mvumo ulishindana na waimbaji. Rafiki alishauri tukate waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Nilikataa: mvumo ungeweza kupungua, lakini ethi ndiyo humkinga mpigaji amplifaya ikivujisha umeme. Nikaitafuta historia ya tatizo.

Kumbe simu ndiyo iliyoteswa kwanza. Mwaka 1881, Alexander Graham Bell alipewa hataza ya kusokota nyaya mbili pamoja, ili kelele iziingie sawasawa na kujifuta. Gitaa la umeme la miaka ya 1930 lilikuwa na koili moja, nayo ilinasa umeme wa jirani, ambao kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Mwaka 1955, Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya koili mbili zilizopangwa kinyume: kelele hufutana, sauti ya nyuzi huongezeka.

Nasi tukafuata. Kebo ya spika, isiyo na kinga, tuliiweka kando. Kwenye gitaa tukatumia kebo fupi yenye wavu wa shaba unaouzunguka waya wa kati. Safari ndefu hadi kwenye miksa tukaiachia kebo ya nyaya mbili zilizosokotwa, kupitia kisanduku cha DI. Amplifaya na miksa tukavichomeka kwenye ekstensheni moja yenye ethi.

Mvumo ulififia. Historia ilitufundisha kuidhibiti kelele bila kuuondoa ulinzi wa mpigaji.